Shajara ya Leseni ya Daraja E: Gari la Kujifunzia Kwanza, Chuo Baadaye

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeamua kuandika kila hatua ya kutafuta leseni ya udereva ya daraja E, ile ya magari makubwa ya mizigo, kwa sababu fedha nitakazotumia ni zangu mwenyewe na likizo niliyobakiwa nayo ni siku 21 tu, muda usiotosha kujifunza kwa kubahatisha. Nina leseni ya daraja D, huu ni mwaka wa sita, na kazi yangu ni kuendesha Canter ya duka la vifaa vya ujenzi, nikisambaza saruji na nondo kati ya Mbagala na Kigamboni. Shemeji yangu ana semi moja, yaani lori la kuvuta tela, inayopakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Tunduma, naye ameniahidi kwamba nikipata daraja E atanichukua niwe dereva wake wa pili. Sharti lake ni moja. "Shemeji, cheti sikitaki," alisema. "Namtaka mtu ambaye akishika usukani, mimi nalala."

Kwa mpangilio wa madaraja yetu, D humruhusu mtu kuendesha magari ya kila aina isipokuwa pikipiki, magari makubwa ya mizigo na magari ya abiria. E huongeza hayo makubwa ya mizigo, huku abiria wakibaki kwenye C na vijidaraja vyake. Kinachonisumbua ni kwamba E ni herufi moja tu. Aliyejifunza kwa Fuso ya ekseli mbili na aliyejifunza kwa semi yenye tela la futi 40 hupewa kadi zinazofanana. Wenzetu wa Kenya wametenga: C ni ya lori na CE ni ya lori lenye tela. Marekani wamekwenda mbali zaidi, kwani anayefanyia mtihani wa gari kubwa kwenye gari la otomatiki huandikiwa zuio la kutoendesha gari la gia za mkono, na kwa kichekesho cha bahati alama ya zuio hilo ni herufi hiyohiyo E. Hapa kwetu kadi haisemi ulijifunzia nini, kwa hiyo ni juu ya mwanafunzi kujua anachokosa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekitembelea chuo cha kwanza. Darasa ni safi kuliko nilivyotarajia, alama za barabarani zimechorwa ukutani kwa rangi nzuri, na msichana wa mapokezi anajibu maswali bila kuchoka. Ada ni shilingi 380,000 kwa majuma mawili. Nilipoomba kuliona gari nilipelekwa nyuma ya jengo kwenye Fuso ya tipa, ekseli mbili, bodi fupi.

Mwalimu alikuwa mkweli, na kwa hilo namheshimu. Nilimwuliza darasa la sasa lina watu wangapi, akasema 11. Nikamwuliza gari hutoka saa ngapi kwa siku, akasema kama saa tatu, siku 10. Nilifanya hesabu palepale nyuma ya kipeperushi chao: saa 30 ni dakika 1,800, na zikigawanywa kwa watu 11 kila mmoja anapata dakika 163 kwa kozi nzima. Muda wa mwalimu kueleza, wa gari kukwama kwenye foleni na wa mwenzako kuzima injini kwenye mlima umo ndani ya dakika hizo hizo. Kila dakika moja ya kushika usukani inanigharimu takribani shilingi 2,300.

Hesabu hii nitaifanya kwa kila chuo.

Jumapili, 9 Februari

Leo sikutoka. Nimekaa na daftari kuandika gari ninalolitaka kabla ya kuendelea kutafuta chuo, maana nimegundua kwamba jana nilikuwa nikikagua majengo.

La kwanza ni tela. Lori lisilo na tela hukata kona karibu kama Canter, tofauti ikiwa ni ukubwa tu, lakini semi ni vitu viwili, kichwa kinachovuta na tela linalovutwa, vilivyoshikana sehemu moja, na tairi za nyuma za tela hazipiti palipopita za kichwa bali hukatiza ndani ya kona. Dereva asiyelijua hili hupanda ukingo wa barabara, na siku mbaya humkuta mwenye baiskeli aliyesimama pembeni akidhani ameachiwa nafasi. Katika kurudi nyuma mambo hugeuka kabisa: ukikata usukani kulia, mkia wa tela huenda kushoto. Mambo haya hayafundishiki ubaoni.

La pili ni breki za upepo. Canter yangu ina breki za mafuta, na miaka sita ya mazoea hayo inaweza kunidhuru. Kwenye gari kubwa upepo hujazwa kwenye matangi na kompresa, mshale kwenye dashibodi hupanda, na kabla haujafika kiwango chake gari halitoki, kwa sababu hendibreki hukazwa na springi na upepo ndio unaoiachia. Ukikanyaga na kuachia breki mara nyingi mfululizo kwenye mteremko unautumia upepo kuliko kompresa inavyojaza, na wakati huohuo ngoma za breki zinachemka na lainingi zinapoteza mshiko. Dawa yake ni kushuka kwa gia ya chini na breki ya injini, na kukanyaga kwa vipindi, kisha kuachia kabisa ngoma zipoe. Nimeyasikia haya tangu utotoni kutoka kwa madereva wa Tanzam, barabara kuu ya kwenda Zambia, wanaoushuka Mlima Kitonga, lakini mguu wangu haujawahi kuyafanya.

La tatu ni gia za mkono. Najua kwamba vichwa vipya vinaingia na gia zinazojibadilisha zenyewe, Volvo wana I-Shift na Scania wana Opticruise, na huenda baada ya miaka 10 nitacheka nikiisoma aya hii. Hata hivyo, magari mengi ambayo tajiri wa kawaida humkabidhi dereva mgeni ni ya gia za mkono, tena yale yaliyokwishazunguka Afrika nzima. Anayeyajua hayo huzizoea otomatiki kwa siku chache, ila wa otomatiki akipewa hayo anaweza kukwama getini.

La nne, ambalo karibu nilisahau, ni uzito. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, semi ya ekseli sita zenye tairi mbili mbili nyuma inaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye mbili za kichwa na 24 kwenye tatu za tela, jumla tani 50. Ukomo wa juu kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Semi hiyo ikiwa tupu haifiki hata nusu ya tani 50. Kujifunza kwa tela tupu peke yake ni sawa na kujifunza kubeba ndoo isiyo na maji.

Jumamosi, 15 Februari

Chuo cha pili kina semi. Nilipoiona nikiwa barabarani moyo ulitulia: HOWO nyeupe na tela refu, limeandikwa jina la chuo ubavuni kwa herufi nyekundu. Ada ni shilingi 550,000, wanafunzi sita. Nikalipa kianzio cha 200,000 kabla sijaizunguka gari, na hapo nilifanya kosa ambalo nisingemruhusu hata utingo wangu alifanye.

Alhamisi, 20 Februari

Siku tatu mfululizo tumefika asubuhi na kuambiwa gari limetoka kidogo. Leo mmoja wetu, dada anayeendesha basi dogo la shule, aliuliza limetoka kwenda wapi, akajibiwa kwamba kichwa kimekwenda kuvuta tela la mchanga la mwenye chuo. Tukabaki na tela letu. Nikaenda kulitazama kwa karibu, jambo nililopaswa kulifanya Jumamosi.

Majani yameota kati ya tairi za ekseli ya kati. Miguu ya kusimamia imezama kwenye udongo kiasi cha kiganja. Niliinama chini ya pua ya tela na kupapasa kingpini, ile pini nene inayoingia kwenye sahani ya kichwa: ilikuwa kavu, ina kutu ya rangi ya matofali, bila hata dalili ya grisi. Midomo ya mipira ya upepo ilikuwa wazi bila kufunikwa, na ndani ya mmoja nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo. Tela hili halijafungwa kwenye kichwa kwa miezi, labda tangu lipigwe picha ya tangazo.

Nimeomba kianzio changu kwa maandishi. Nilirudishiwa 150,000, na 50,000 iliyobaki ikaitwa gharama za usajili. Nimeiandika kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "ada ya kutoinama".

Jumamosi, 1 Machi

Safari hii niliuliza kwa watu wa kazi. Nilikwenda Misugusugu, Kibaha, semi zinaposimama, nikawauliza madereva swali moja: wewe ulijifunza wapi kurudisha tela nyuma? Wengi walicheka wakasema walijifunza kwa kuwa utingo, wakipewa usukani usiku kwenye barabara tupu, na sitawalaumu kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwapo. Wawili walitaja vyuo vya serikali, NIT ya Mabibo na VETA, nami ningevipenda, lakini ratiba zao hazikuoana na siku zangu 21. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na chai, alinielekeza kwa mwalimu mwenye uwanja wake nje kidogo ya mji, ambaye zamani alikuwa dereva wa masafa.

Huko hakuna darasa la maana. Kuna banda la mabati, benchi mbili na ubao. Gari ni Scania 124 ya zamani, kichwa cha ekseli tatu, gia za mkono zenye swichi mbili kwenye kirungu, moja ya kuhamia gia za juu na nyingine ya nusu gia, jumla gia 12 za mbele bila kuhesabu za kutambaa. Tela ni la ekseli tatu, na nyuma ya banda kuna vipande vya zege vya kupakia ambavyo mwalimu anavikadiria kuwa tani 14.

Safari hii niliinama. Kingpini ilikuwa na grisi nyeusi mbichi. Niliomba ruhusa ya kuvuta kamba ya kutolea maji chini ya tangi la upepo, yakatoka matone machache tu na upepo safi, dalili kwamba kuna mtu anayefanya hivyo kila siku. Nilimwomba azime injini na kuachia hendibreki, nikautazama mshale wa upepo kwa dakika tano. Haukusogea kwa kiasi cha kuonekana. Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya kichwa akinitazama. "Kaka," aliniambia, "umekuja kusoma au umekuja kununua?"

Masharti: ada shilingi 720,000, wanafunzi wanne, saa nne kwa siku, siku 15. Hesabu yangu ikatoa dakika 3,600 kwa watu wanne, yaani dakika 900 kila mmoja, sawa na saa 15 za usukani, kwa shilingi 800 kwa dakika. Chuo chenye ada kubwa kuliko vyote ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote, karibu mara tatu kuliko kile cha tipa. Nimelipa, na nimeomba tuandikishane kwamba gari likitoka kwenda kazini siku hiyo haihesabiwi. Mwalimu alisaini bila kinyongo.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeanza. Kwa kuwa tupo kwenye mfungo wa Ramadhani na mwalimu amefunga, kipindi kimesogezwa saa moja asubuhi hadi saa tano, kabla ya jua kali. Siku yote ya leo ilikuwa ya kufunga na kufungua tela, na hakuna aliyetoka nje ya geti.

Utaratibu ni huu: kurudi taratibu mpaka karibu na tela, kusimama, kushuka na kutazama kama uso wa pua ya tela uko chini kidogo ya sahani ya kichwa, kisha kurudi mpaka kufuli lilie. Kisha ni kushuka tena na kutazama kwa tochi kama taya za kufuli zimeibana pini na kama bati la tela limelala juu ya sahani bila mwanya. Halafu mipira, mwekundu wa upepo wa kujaza na wa njano wa kuamuru breki, waya wa taa, kuvuta mbele kidogo breki za tela zikiwa zimekaza ili kuhakikisha halichomoki, na mwisho kupandisha miguu.

Mimi nilikadiria tu badala ya kutazama kwa tochi. Tela lilikuwa limeinuliwa mno na aliyenitangulia, pini ikapita juu ya sahani badala ya kuingia kwenye mdomo wake, na nilichokisikia ni mkwaruzo mrefu wa chuma. Mwalimu alipiga kofi mlango. Vidole vinne zaidi nyuma, pua ya tela ingeingia kwenye kabini. Hakunigombeza. Alinipa tochi yake na kuniambia nisiirudishe mpaka siku ya mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Kurudi nyuma. Nimepoteza dakika 70 bila kufanikiwa hata mara moja, kisha mwalimu akanipa neno moja lililofungua mlango: shika usukani chini kabisa, na mkono wako unakoelekea ndiko mkia wa tela utakakoelekea. Baada ya hapo mkono uliacha kubishana na kichwa. Jambo la pili alilosisitiza ni kukata kidogo na mapema, kwa sababu tela halijibu papo hapo, na mgeni akiona halijibu huongeza, na likianza kujibu linakuwa limeshajikunja. Ukiona kioo kimoja kimejaa tela na kingine kina uwanja mtupu, simama, nenda mbele, nyoosha, anza upya. Kusonga mbele na kuanza upya si aibu, alisema; aibu ni bati lililokunjamana.

Yule dada wa basi la shule, ambaye nilimleta huku, alilirudisha tela kati ya mapipa mawili kwa jaribio la tatu. Sisi wanaume watatu tulijishughulisha na kutazama tairi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua za masika zimeanza na uwanja umekuwa tope, kwa hiyo tumepakia zege na kuingia barabarani. Gari niliyodhani nimeanza kuizoea imekuwa gari nyingine. Kwenye tela tupu nilikuwa nikibadilisha gia kwa starehe. Na tani 14 nyuma, kwenye mlima mdogo tu, ukichelewa nusu nukta kati ya klachi na gia kasi imeshakufa na gia uliyoilenga haifai tena. Leo nilisimama katikati ya mlima huo mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi nyuma kama hatua moja, na nikaona kwenye kioo bajaji iliyokuwa imenikaribia ikikimbilia pembeni. Mara ya pili nilifanya kama nilivyoelekezwa: hendibreki imekaza, gia ya kutambaa, klachi ipande mpaka kichwa kianze kujivuta, ndipo breki iachiwe.

Kasi yetu barabarani haikuvuka 60, ingawa gari kubwa linaruhusiwa 80 nje ya makazi na 50 ndani yake. Mwalimu anasema kasi nitaijua mwenyewe, ila umbali wa kusimama atanifundisha yeye. Tulipima kwa hatua: kwa mwendo uleule wa 50, tela tupu na tela lenye zege havikusimama mahali pamoja, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko urefu wa Canter yangu. Siiandiki tarakimu kwa sababu barabara ilikuwa na maji na hatua zangu si futi kamba.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya mwisho. Dakika zangu, kwa daftari langu mwenyewe, ni 842. Dakika 58 zilipotea kwa mvua na kwa mpira wa upepo uliopasuka siku moja, ingawa siku hiyo tulijifunza kwa macho kwamba mpira mwekundu ukikatika tela linajifunga breki lenyewe hapohapo. Nimerudisha tochi.

Jumatano, 9 Aprili

Mtihani wa trafiki. Ulikuwa mfupi kuliko maandalizi yake: ukaguzi wa gari kabla ya kuondoka, maswali ya alama, kuzunguka, kusimama kwenye mwinuko na kurudi nyuma. Askari aliniuliza kwa nini nimeshuka kutazama nyuma kabla ya kurudi. Nikamjibu kwamba kutoka kwenye kiti sioni kilicho nyuma ya tela. Aliandika kitu, akasema endelea. Nimefaulu, na makaratasi yamekwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa malipo na kadi.

Ijumaa, 25 Aprili

Kadi ninayo, na herufi E ipo. Jioni nilikwenda Misugusugu alikoegesha shemeji, nikiwa na begi la nguo kwa safari ya Tunduma. Kumbe amebadilisha kichwa. Hiki cha sasa kinajibadilishia gia chenyewe na hakina pedali ya klachi. Alinitazama nikiitafuta kwa mguu wa kushoto, akacheka mpaka akashika tumbo.

Kisha alishuka, akafungua tela mwenyewe, akasogeza kichwa mbele kama mita 20 na kukizima. "Haya shemeji, lifunge."

Giza lilikuwa limeshaingia. Nikamwomba tochi.